Nilivyojifunza Blockchain Kwenye Foleni ya Maji

Kujua blockchain kulinigharimu belo zima la kaunjika, jozi moja ya viatu vya ngozi, safari tisa kasorobo kati ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na Lilongwe, na wiki kumi na moja za kutosemezana na Riziki. Kaunjika ndiyo mitumba, kwa jina la Malawi. Hesabu hii nimeipiga mara mbili. Mara ya kwanza nilipata safari tisa kamili. Ya pili nikakumbuka kwamba moja nilishushwa kwenye njia panda ya Dowa kwa ugomvi wa nauli nikamalizia kwa miguu, na sioni kwa nini niwaandikie wenye gari kazi iliyofanywa na magoti yangu. Zile wiki kumi na moja nimeziweka mwisho kwa sababu ndizo pekee ambazo sikuweza kuzipunguza bei.

Nisingeandika haya kama Riziki asingerudi. Alitua mwezi uliopita kutoka Australia, baada ya miaka mingi, ana miwani na koti lisilo na kazi hapa, tukakutana Area 25, mtaa wa Lilongwe, sebuleni kwa binamu yake. Kulikuwa na makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, televisheni iliyozimwa kwa heshima ya mgeni, na sahani ya sombe, kisamvu chetu, ambayo kila mtu alimsukumia yeye. Alikula polepole kama mtu anayesoma barua. Kisha akafuta mdomo akaniuliza, mbele ya watu, "We Nsimire, ile mwaka ya blockchain, unaikumbukaka?" Nikamwambia naikumbuka kwa risiti. Watu wakacheka. Yeye hakucheka sana, na nilipaswa kugundua pale pale kwamba swali lake lilikuwa na mkia.

Ule mwaka ulikuwa 2017. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, meza moja katika soko la Dzaleka, na kichwa kilichojua bei ya shati la mtoto kwa kulishika tu gizani. Mwezi wa Aprili karatasi ilibandikwa ukutani kwenye ofisi za kambi. Shirika moja la mjini lilitaka kutunza kumbukumbu za watu waliojifunza ufundi pale kambini, nani alisomea ushonaji, nani useremala, nani alimaliza, kwa njia mpya ya kompyuta iitwayo blockchain, ili mtu akiunguliwa na nyumba au akipoteza mkoba njiani, ushahidi wa kile alichosoma usipotee naye. Walihitaji mtu mmoja wa kuwaeleza wenzetu jambo hilo kwa Kiswahili. Mkataba wa mwaka, posho ya kila mwezi, meza ndani ya ofisi yenye umeme. Majaribio Julai, usaili Septemba. Nafasi moja. Niliisoma ile "moja" mara mbili nikaona haibadiliki.

Sitajidai kwamba niliipenda teknolojia. Nilikuwa nimechoka kuuza vitu ambavyo watu wengine walikwisha kuvivaa, na nilitaka kitu kimoja katika maisha yangu kinifikie kipya. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda kujiajiri mjini vile apendavyo, na kazi ya ofisini ndani ya kambi ilikuwa inatokea kama mvua ya Agosti. Niliamua kwamba nafasi ile ni yangu, na kwamba swali lililobaki ni dogo: nijifunze wapi, na kwa bei gani.

Riziki alikuwa fundi cherehani, mtu wa Uvira, rafiki yangu tangu tulipowekwa jirani. Naye alijiandikisha, tena kabla yangu. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha matofali ya udongo, na cherehani ya miguu dirishani, pasi ya mkaa mlangoni, na vipande vya vitenge sakafuni vingi kiasi kwamba ukivua viatu unaona uko kwenye zulia. Tulikuwa tunakula hapo saa kumi jioni, baada ya soko, bugali na dagaa wa usipa na mchicha wa lengalenga, na siku ile alinionyesha simu yake. Alikuwa amepata masomo ya bure, video fupi fupi za Kiingereza, kijana mwenye fulana akichora maboksi ubaoni. "Tununue bando pamoja," akasema. "Mi nasikia Kizungu, nitatafsiri. We unajua hesabu. Kila siku boksi moja. Kufika mwezi wa saba tutakuwa tumemaliza."

Nikamuuliza mwishoni wanatoa nini. Akasema, "Wanatoa akili." Nikamuuliza akili ina kashe?

Hapo inabidi nieleze, kwa sababu wanangu wakisoma watadhani mama yao alikuwa mjinga wa kawaida, kumbe alikuwa mjinga wa aina maalumu. Sisi tuliotoka Bukavu tumelelewa na kashe, ule muhuri wa duara. Nyumbani karatasi isiyo na kashe ilikuwa ya kufungia karanga. Kisha tukafika kambini, na kambini ukawa wewe ndiye karatasi zako: kadi ya chakula, kadi ya hospitali, hati ya kwamba upo. Nimeona mtu mzima akilia kwa sababu wino wa muhuri wake umeingia maji. Na wiki ile ile nilikuwa nimetumiwa kwenye simu tangazo la semina ya blockchain ya siku mbili, kwenye loji moja Area 18, mwalimu akiitwa Dokta, na picha ya cheti chenye kashe ya rangi mbili, buluu na nyekundu, moja imekanyaga nyingine. Nilikuwa sijawahi kuona mbili kwenye karatasi moja. Nilikuza picha mpaka simu ikakataa.

"Uyu kijana wa fulana," nikamwambia Riziki, "nani anamujua?" Akasema hakuna haja ya kumjua, ukielewa anachosema unaweza kukipima mwenyewe. Nikasema sina nafasi ya kupima, nina miezi mitatu. Maneno yakapanda. Wateja wake wawili walikuwa wamekaa wakisubiri gauni za harusi, na mbele yao nikasema kitu ambacho bado nakisikia nikiwa napanga nguo: "Masomo ya bure ni ya batu ba bure," yaani watu wasio na thamani. Riziki akakanyaga cherehani. Haikuwa na nguo chini ya sindano. Akaendelea kukanyaga tu mpaka nilipotoka.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Dokta. Nilimpigia simu kujadili bei, na hapo nilijiona mjanja kuliko watu wote wa wilaya ya Dowa. Alitaja bei yake, nikataja theluthi mbili, akasema sawa. Mfanyabiashara mwenye kichwa angeshtuka. Kitu ambacho muuzaji anakupunguzia kabla hujamaliza kupumua, yeye mwenyewe hakijamgharimu chochote. Mimi nilisherehekea. Niliuza belo langu likiwa bado limefungwa, kwa hasara, kwa jirani yangu wa meza aliyejaribu kuficha furaha yake akashindwa, nikanunua viatu vya ngozi ili nisiingie Area 18 na ndala.

Ukumbi ulikuwa na mapazia ya zambarau na viti vya plastiki vilivyovalishwa mashuka. Tulikuwa kumi na tisa. Dokta alikuwa Mkongomani mwenzetu wa suti ya kijivu, sauti nzuri, mikono inayokwenda mbali. Siku ya kwanza alitueleza kwamba dunia inabadilika. Siku ya pili alitueleza kwamba imekwisha kubadilika. Katikati alitaja bei ya sarafu za kompyuta ilivyopanda, na kila akitaja, mwanamume mmoja wa viti vya mbele alikuwa anasema "Amina" bila kukusudia. Mchana tulikula nsima, ugali wa Malawi, na kuku, paja moja kwa kila mtu, na lazima niseme ukweli kwamba kuku alikuwa mzuri. Baada ya kuku nikanyoosha mkono. "Dokta, unasema daftari iko kwa kila mutu. Kama kila mutu anaandika ndani ya yake, tutajua ya nani njo ya kweli?"

Akatabasamu kama baba kwenye ubatizo. "Mama, hilo ni swali la kiwango cha pili."

Kiwango cha pili kilikuwa na ada yake. Niliuliza maswali manne siku zile mbili, na matatu yakawa ya kiwango cha pili. La nne lilikuwa choo kiko wapi. Kisha cheti hakikuwa tayari. Nilirudi mjini mara mbili bure na ya tatu nikakipata. Kashe zilikuwa mbili kweli. Nilikitundika ukutani nikalala chini yake nikisubiri elimu ishuke. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mwembamba, na nilimsikia Mama Solange, jirani wa upande wa pili, akimwambia mume wake, "Ile karatasi, atakula na sombe ao na maharagi?" Mume akajibu kwamba karatasi haina chumvi. Walikuwa na maongezi mazuri wale watu. Niliwasikiliza miaka sita bila kulipa.

Julai ikafika na majaribio. Aliyetupokea ni Bi Chisomo wa lile shirika, Mmalawi aliyesoma Dar es Salaam, Kiswahili chake kikiwa safi kuliko chetu sote, na alikuwa na tabia ya kutusahihisha ngeli akitabasamu. Niliingia na cheti ndani ya bahasha, nikakitoa kwa mikono miwili. Alikisoma, akakigeuza nyuma, akakilaza mezani kwa upole. "Zikomo, asante, Nsimire. Sasa, mimi ni bibi yako. Sijui kusoma. Nieleze hii blockchain, na kwa nini niiamini kuliko karani."

Nikasema dunia inabadilika.

Akainamisha sikio kama bibi. Nikasema imekwisha kubadilika. Akaniambia, bila ukali wowote, "Mwenye daftari moja anaweza kudanganya. Wenye madaftari mia wanazuiwaje kudanganya? Nijibu hilo Septemba. Kama ningefunga orodha leo, usingekuwemo." Lilikuwa swali langu mwenyewe, lile la baada ya kuku. Nilitoka nje na viatu vikinibana, nikavivua, nikatembea peku mpaka kwa Riziki, kwa sababu nilikuwa nimefanya hesabu njiani. Belo limekwenda. Meza yangu haina bidhaa. Zimebaki wiki saba, na mtu mmoja tu kambini anayeweza kunijibu anataka nafasi ile ile ninayoitaka mimi.

Alikuwa anapima suruali ya mchungaji. Alinitazama miguu, akatazama viatu mkononi. "Kashe iliongea nini?"

"Haikuongea."

"Pole." Akaendelea kupima. Mchungaji naye akasimama wima zaidi, kama mtu asiyetaka kuhusishwa. Nikamwambia Riziki kwamba nilichosema mbele ya wateja wake nimekuja kukisema kinyume, mbele ya mteja, ili hesabu iwe sawa: mutu wa bure ni mimi. Nikaomba anifundishe. Akazungusha futi kiunoni kwa mchungaji. "Bei," akasema. "Bidoni mbili za maji, kila asubuhi, mpaka siku ya usaili."

"Wiki mbili."

"Mpaka siku ya usaili."

"Bidoni moja na nusu."

"Nsimire, nusu ya bidoni iko namna gani?" Mchungaji akacheka, akapoteza kipimo cha kiuno, ikabidi waanze upya. Nililipa bei kamili. Ndiyo mara pekee maishani.

Wasomaji waliopita Dzaleka wanajua foleni ya bombani. Kwa wasiojua: bidoni, yaani madumu ya maji, zinapangwa mstari alfajiri, wenyewe wanakwenda zao kuwasha moto na kuvisha watoto, na hakuna mlinzi. Ukiweka ya kwako, unamwambia aliye mbele, "Mi niko nyuma yako," naye lazima akujibu jina la aliye mbele yake yeye. Kwa hiyo kila mtu anaondoka na majina mawili kichwani. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu nifike kambini bila kulifikiria. Siku ya nane au ya tisa ya kulipa deni langu la maji, mwanamke mmoja mrefu alichomeka bidoni ya njano katikati, ikakaa kwa utulivu kama imezaliwa pale. Zamu ilipofika, mama mmoja akamuuliza, "We uko nyuma ya nani?" Akasema nyuma ya Mama Neema. Mama Neema akasema, "Nyuma yangu ni Furaha, na mbele yangu ni mzee Ndayizeye." Furaha akasema mbele yake ni Mama Neema, na mbele ya Mama Neema ni mzee. Mzee akainua mkono tu. Kufumba na kufumbua mstari mzima ukawa unajitaja, kila mmoja na jina la aliye mbele, mpaka mwisho, na ile bidoni ya njano ikawa haina mahali pa kushika. Ili adanganye angehitaji kuwabadilisha vichwa watu arobaini, na wote kwa asubuhi moja. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alichukua bidoni yake akaenda mwisho wa mstari, akamwambia aliye mbele, "Mi niko nyuma yako."

Niliacha zamu yangu ipite, nikachota wa mwisho. Nilimwaga maji njiani, nikafika kwa Riziki na bidoni moja na nusu, ile ile aliyosema haipo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, pini mdomoni. "Njo hivyo," akasema. "Kila boksi linabeba alama ya boksi la mbele. Lakini maji ikiisha, foleni inasahaulika. Sisi tunataka foleni isiyosahaulika." Basi tukatengeneza. Tulinunua madaftari matano, matatu tukawapa wateja wake, mawili tukabaki nayo. Kila nguo iliyoingia chumbani iliandikwa na wote watano, mstari mmoja: jina, nguo, siku. Mwanzo wa kila mstari tuliandika idadi ya herufi za mstari uliotangulia. Kazi ya kuhesabu ilikuwa yangu, na kwa mara ya kwanza tabia yangu ya kuhesabu mara mbili ikapata heshima. Kisha tukaibiana kwa zamu. Mimi nikabadilisha "sketi" kuwa "kaptula" kwenye mstari wa nne, na namba ya mstari wa tano ikanisaliti. Riziki akabadilisha "shati" kuwa "kanzu", herufi tano kwa tano, akanishinda, akanywa chai yake akinitazama. Siku mbili nilikuwa na hasira. Siku ya tatu nikaja na dawa: kila herufi ipewe namba yake, a ni moja, b ni mbili, tujumlishe. Akajaribu kanzu yake tena, jumla ikagoma. Akatoa simu, akatafuta somo la kijana wa fulana, akanisomea kwa Kiswahili chetu kwamba kompyuta zinafanya kitu cha jamii hiyo hiyo, ila jumla yao ni ngumu kiasi kwamba huwezi kutafuta neno la kuidanganya hata ukikaa maisha yako yote. Hata akipatikana mjanja wa kuandika daftari lake lote upya, mengine manne yatamkataa. Nikamwambia hilo boksi nimeliona bombani. Akasema, "Ndiyo, lakini mi nililiona kwanza." Tulibishana kama zamani, na nikajua zile wiki kumi na moja zimekwisha.

Septemba tuliketi benchi moja nje ya mlango wa Bi Chisomo, watu kumi na mmoja. Waliojiandikisha mapema waliitwa mapema, kwa hiyo Riziki alinitangulia. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilimsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayehadithia bibi yake, "Kuna bidoni ya njano." Nilisimama, nikakaa. Hadithi ya foleni ilikuwa yangu. Nilipoingia mimi nilibaki na madaftari matano, ambayo wazo lilikuwa lake, nikamhesabisha Bi Chisomo jumla ya namba za herufi za jina lake mwenyewe, nikambadilishia herufi moja, nikamuonyesha jumla ilipovunjika. Alihesabu kwa vidole, akasahihisha ngeli yangu mara moja tu. Tulipotoka, Riziki aliniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia nami nimeuza bidhaa yake, basi tuko sawa.

Nafasi ilikwenda kwake. Mimi nilikuwa wa pili. Nilikwenda kuangalia ubao mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa wa pili. Niliuza viatu, nikanunua fungu la nguo lililochambuliwa na wengine, nikaanza tena mezani. Baada ya miezi minne jina la Riziki lilitoka kwenye orodha ya wanaopelekwa Australia, na meza ya ofisini ikaletwa kwangu. Wapo wanaoshinda kwa mtihani. Mimi nilishinda kwa ndege. Nilifanya kazi ile mwaka mzima na nusu, mkataba ukiongezwa, kisha nyingine za jamii hiyo, na bado ndizo zinazonilisha.

Sasa lile swali lenye mkia. Watu walipotoka sebuleni, Riziki alitoa simu akanionyesha masomo anayotaka kuanza kule aliko, ya blockchain hiyo hiyo, miezi sita, kwa bei ambayo nilidhani ni namba ya simu. Nikaipitia orodha ya mada. "Hizi zote unazijua," nikamwambia. "Wewe njo ulinifundisha."

"Nazijua."

"Na zingine ziko bure."

"Ziko bure, nimeziona." Akavua miwani akaifuta kwa koti. Akanieleza kwamba anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu kwa zamu, anarudi, anafunga mlango, na video zinaongea peke yao. Kwenye masomo haya ya kulipia wanakutana kila Jumamosi, chumba kimoja, watu kumi na wawili, kuna chai. "Sinunui masomo, Nsimire. Nanunua batu ba kukaa nabo. We njo unajua bei za vitu. Nilipe?"

Nimepiga hesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata kwamba ni wizi wa mchana. Mara ya pili nilifika kwenye wale watu kumi na wawili na chai, nikakosa namba ya kuwaandikia. Amekwisha kurudi kule, na bado hajajiandikisha, ananisubiri. Wewe unayesoma, kama umewahi kuishi mbali hivyo, au umewahi kulipia kitu ulichokuwa unakijua tayari, naomba uniambie: nimjibu nini?